Kidole Kimoja

Mimi ni karani wa kikao. Kazi yangu kunakili,
si kuafiki, si kukohoa.
Albany, Februari, theluji imeganda kwenye ngazi za bunge la jimbo,
na kila shahidi ana dakika tatu na taa:
kijani, manjano, nyekundu.

Akaja Hendrika Terpstra, mfugaji, ng'ombe arobaini na wawili,
ndani ya koti la marehemu mumewe, mikono ya koti imemmeza vidole.
Akasema: zamani malori matatu yalipanda kilima chetu kufuata maziwa.
Bei ya huyu isipokupendeza, wamngoja wa pili.
Wa pili alinunuliwa.
Wa tatu alinunuliwa.
Sasa lori ni moja, na dereva ni yuleyule, Duane,
ila fulana yake imebadilishwa rangi mara mbili.
Bei huja kwa barua, baada ya maziwa kuondoka.

Nikaandika: baada ya maziwa kuondoka.

Wakili wa kampuni akainuka, sauti imepigwa pasi.
Sheria ya jimbo, akasema, inakataza njama,
na njama, waheshimiwa, huhitaji wawili.
Mteja wangu yuko peke yake. Atakula njama na nani?
Na kioo chake?
Nikaandika: kicheko.

Kweli, sheria ile ilitungwa na watu walioamini
kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawakukiona hiki,
kilicholala juu ya mizani Jumatatu hadi Jumapili,
kinachoishusha galoni kule kilimani
na kuipandisha galoni ileile kwenye rafu ya mjini.
Bi. Aniela Wojcik wa Schenectady, mlezi wa wajukuu wanne,
alitoa risiti mkobani
akaisoma kama barua ya msiba.

Mswada una kurasa kumi na tisa. Nimeupiga chapa mwenyewe.
Ukurasa wa saba, chini, wameongeza: "au mtu mmoja."
Maneno matatu.
Wakili ameomba yafutwe.

Taa ikawa nyekundu. Hendrika hakuiona, au aliiona.
"Sina chuki na mkubwa," alisema. "Ng'ombe wangu Beatrix ni mkubwa.
Ila akilala mlangoni, wenzake hawatoki."

Kura ni Jumanne.
Nimefunga daftari. Dirishani namwona yule mama
akikwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya duka,
anakwangua upana wa uso tu,
aione barabara,
awahi kukamua jioni.