Picha ya Kumi na Saba

Kazi yangu usiku ule ilikuwa kidole.
Bwana Shekiondo akiinua kalamu, nabonyeza;
picha inahama ukutani, juu ya shuka
nililoazima kwa shemeji, Barabara ya Nane,
lenye kiraka pembeni nilichodhani hakitaonekana.
Kilionekana. Kila picha ilipata kovu palepale.

Viti sitini vya maktaba, watu arobaini na mmoja,
na mbele yetu fidla mbili, viola, sello,
na Pendo Hozza wa Muheza na klarineti yake
nyeusi kuliko sufuria ya msibani.
Wanapiga kidogo, wananyamaza, Bwana anasema kidogo,
kijiko cha wali, kijiko cha mchuzi.

Alituonyesha mtunzi aliyekufa na madeni,
wigi lake, dirisha lake, theluji ya mji wake.
Nikabonyeza. Farasi.
Nikabonyeza. Daraja.
Nyuma yangu mtu akanong'ona: "Huyu naye alidaiwa kodi?"
Bwana akasikia, akasema ndiyo, ya miezi minane,
na ukumbi mzima ukamhurumia kwa mara ya kwanza.

Kipande cha kwanza kilipoisha tukapiga makofi.
Mama wa kamati akageuka, kidole mdomoni:
muziki huu haupigiwi makofi katikati.
Haya, tukasubiri.
Lakini kilipofika kile cha polepole,
klarineti ikipanda peke yake juu ya nyuzi
kama mtu anayeita jina ndani ya nyumba iliyohamwa,
Bi Mwanashehe aliinuka na kanga zake,
akatembea bila haraka, kiuno kikijua njia,
akaweka elfu tano juu ya karatasi za Pendo.
Akamtunza!
Mgeni wa sello alipoteza pigo moja, akalitafuta, akalipata.
Noti ikafunika mstari mzima wa nota.
Pendo akaupiga mstari ule bila kuuona,
macho yakimcheka,
na hakuna aliyeweka kidole mdomoni tena.

Ndipo ilipokuja ya kumi na saba.
"Klarineti hii," alisema Bwana, "haina undugu na theluji.
Ni mpingo. Na mpingo mnaujua."
Nikabonyeza. Gogo, limelala kwenye vumbi la Handeni,
moyo mweusi, ukingo wa njano,
na katikati ya ule weusi alama ya nyundo.

Baba yangu alikuwa mgonga nyundo wa Misitu.
Miaka ishirini na sita alibeba chuma kile begani,
kila gogo halali pigo moja, tah,
na jioni mkono ulimtetemeka hata akishika kikombe.
Mama alimjazia chai nusu, isimwagike.
Sisi watoto tulidhani chai ya wanaume hujazwa nusu.

Sisemi ni gogo lake. Picha haikuwa na mwaka,
na nyundo za serikali zinafanana.
Pembeni tu palikuwa na mtu aliyekatwa na kamera:
kiwiko, nusu ya kofia,
na juu ya kiwiko hicho ndipo kilipoangukia kile kiraka.

Bwana aliinua kalamu. Sikubonyeza.
Akaiinua tena, akakohoa.
Wanamuziki wakadhani ndiyo ishara yao, wakaanza
kipande cha mwisho, chenye mbio,
na gogo likabaki pale, likimulika mashavu yao,
na Pendo akapuliza, akapuliza,
na mimi nikawa nahesabu, sijui kwa nini,
mapigo ya fidla, tah, tah,
kama ninayehakiki mzigo kabla haujapakiwa.

Ya kumi na nane hadi ya ishirini na tatu hazikuonekana.
Bwana Shekiondo ananidai mpaka leo.

Shuka nililirudisha Jumatatu, halijafuliwa.
Shemeji akanimiminia chai.
Nusu, nikasema.
Akaniuliza kama naumwa.