Kipengele cha Saba

Tangu Septemba kadi ninayovaa shingoni ina maneno mawili zaidi:
Daktari Kiongozi.
Maneno mawili, na kliniki sita zilizotawanyika kando ya barabara moja
ambayo miezi mitano ya mwaka
hujui inaishia kwenye theluji au kwenye anga.

Stethoskopu iko kwenye droo, chini ya bajeti.
Siku hizi nasikiliza mapigo ya namba:
wagonjwa elfu moja mia tatu na kumi na wawili wasio na daktari,
nafasi nne zilizotangazwa,
mwombaji mmoja, naye aliuliza kama mjini kuna mwalimu wa violini.
Hakuna. Hakuja.

Cheo ni dhamana, tunaambiwa.
Hawasemi kwamba riba yake hukatwa kwenye usingizi.

Jumanne niliendesha gari hadi Lac-Perdrix,
nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
kuwaambia watu wa kule kwamba Daktari Gaudreau anastaafu,
na kwamba kuanzia Machi
daktari atakuwepo Jumatatu na Alhamisi, basi.
Walikaa kwenye ukumbi wa uwanja wa hoki, makoti mwilini.
Mtu asiyevua koti hajaamua kukuamini.
Nilikuwa na slaidi kumi na moja. Projekta ikakataa kuwaka.
Nikaishukuru kimoyomoyo.

Akasimama Rolande Mailloux,
aliyekata miti bega kwa bega na wanaume
mpaka goti lake likasema imetosha.
Hakupandisha sauti.
“Hiyo timu yako mpya,” akasema, “nani ndani yake
atajua kwamba nikisema sijambo, naumwa?”

Nikafungua kinywa. Kilijaa maneno:
mwendelezo wa huduma, miadi kwa video, muuguzi bingwa.
Nikakifunga.

Gaudreau alinisubiri jikoni, kando ya birika la kahawa,
miaka sabini na mmoja, mkono wa kulia ukitetemeka,
siri aliyoamua kuniachia niione.
Akanipa ufunguo. Kisha akanipa bati la biskuti
lenye kadi ndogondogo, mwandiko kama kuku kapita.
Nilidhani ni magonjwa.

Aurèle Bujold: keti kwanza. Ukisimama anadhani unaondoka.
Bi Petryshyn: Novemba usimtaje mwanawe wa kwanza.
Ndugu wa Lachapelle: hawasemezani tangu shamba liuzwe. Siku tofauti.
Edna Wabano: huletwa na mjukuu. Muulize Edna.
Rolande: akisema hajambo, mpime tena.

Na chini kabisa, kadi iliyogeuka njano:
Ghislaine, miaka tisa, pumu. Anauliza sana. Mjibu yote.

Nilisoma jina langu mara mbili
huku mtu nje akikwangua barafu kwenye kioo cha gari,
akikwangua, akikwangua.

Mkutano wa Ijumaa, kipengele cha saba, “Mengineyo”:
nikaweka bati katikati ya kompyuta.
Mwanasheria akalitazama kama limepumua.
Akasema wenyewe lazima waridhie kwanza, na alisema kweli;
nitawaomba mmoja mmoja.
Devinder wa mifumo akapekua skrini.
Kuna mahali pa uzito, urefu, mzio, namba ya bima.
Pa hili hapana.
“Unahitaji herufi ngapi?” akauliza.
Nikamwambia ya Rolande ni maneno manne.
Akanyamaza. Kisha akaanza kuandika kitu, sijui nini,
hakuinua kichwa mpaka tulipofunga kikao.

Sijapata daktari wa nne. Wala wa tatu.
Namba ile bado inaning’inia ukutani, juzi imeongezeka wawili.
Lakini Alhamisi nimefuta kikao cha bajeti,
nimeichimbua stethoskopu kwenye droo,
na saa tatu asubuhi nimefungua mlango wa Lac-Perdrix
kwa ufunguo unaogoma kidogo kabla ya kukubali.

“Bi Rolande, hujambo?”
“Sijambo.”
“Haya. Vua koti, nipe mkono.”