Viduara

Mkakati ulikuja Jumatatu, pamoja na projekta:
kurasa arobaini na mbili, jalada la bluu,
na mshale unaopanda kutoka "Karatasi"
mpaka mahali palipoandikwa "Mageuzi."
Tulikaa ofisini Kirumba, madirisha wazi.
Harufu ya dagaa iliingia bila kualikwa,
ikaketi mstari wa mbele.

Bwana Rwegoshora, mshauri, alisema vizuri.
Sitamsingizia.
Alisema daftari huliwa na mende, hulowa, husahau.
Alisema nguzo za mageuzi ni nne,
akataja tatu,
umeme ukakatika.

Daftari lenyewe ni mimi.
Miaka kumi na tisa naandika mikopo ya waanika dagaa:
Minza, turubai mbili. Nyabise, laki na nusu.
Kwandu, magunia, na lile deni la marehemu dada yake
alilosema lisifutwe.
Kalamu nyekundu kwa deni, penseli kwa mengineyo.
Hata hivyo nilipiga kura ya ndiyo.
Kiganja kilikuwa kimechoka.

Basi tukahama. Lushinge, kijana wa mfumo,
aliingiza majina mia tatu na kumi kwa wiki mbili.
"Tarehe ya marejesho?" akauliza.
"Mwisho wa mwezi," akajibu mwenyekiti,
na hakuna aliyeuliza: mwezi upi?

Tarehe thelathini, saa mbili asubuhi,
simu mia tatu na kumi zikalia kwa pamoja:
UMECHELEWA. FAINI ASILIMIA TANO.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mzima,
ziwa kama limemwagiwa maziwa,
mitumbwi imelala kifudifudi mchangani.
Dagaa hawafuati taa
wakati mbingu yote ni taa.
Vichanja vitupu. Hata kunguru
walikuwa wamehamia kwa wauza maandazi.

Saa nne mlango ulijaa khanga.
Minza alinyoosha simu yake
kama anayerudisha samaki aliyeoza:
"Nani huyu anayenidai mbalamwezi?"

Lushinge hakujibu. Alivuta daftari,
akalifungua kwa mara ya kwanza bila haraka.
"Mama Masalu, hivi viduara vya penseli pembeni?"

Cheupe, nikamwambia, mwezi umejaa: usimdai mtu.
Cheusi ni giza: nenda, watakulipa wakicheka.

"Mbona hukusema?"

Mwanangu, kwenye zile kurasa arobaini na mbili
palikuwa na kisanduku cha kusemea?

Alikesha siku tatu na soda yake ya tangawizi.
Sasa kando ya kila jina kwenye kioo
kuna kiduara kinachojaa na kupungua chenyewe,
na faini hulala mwezi unapoamka.
Daftari bado nalifungia kabatini.
Mende wananijua.

Jana Bwana Rwegoshora ametuma ankara,
ameandika kwa wino mzito: ILIPWE MWISHO WA MWEZI.

Tutamlipa, nimemjibu.
Tutamlipa gizani.