Siku ya Mataulo

Jumanne ni siku ya mataulo na maoni.
Mvua ya Merthyr haina haraka,
inashuka kama kibarua anayelipwa kwa saa,
na vioo vya duka langu la kufulia vimetoka jasho.
Eirlys kafika wa kwanza,
mfuko wa shuka begani, ulimi mbele ya miguu.

"Pesa za siku hizi hazina uzito," anasema,
hata koti hajavua.
"Mume wangu alileta mshahara ndani ya bahasha.
Naukung'uta mezani, naugawa kwa kidole:
makaa, nyama, kanisa,
na kile kidogo nilichomficha yeye mwenyewe.
Sasa wanagusisha kadi tu, tii,
kama wanaobisha hodi kwa jini,
kisha wanashangaa jini akitoka na bili."

Dilwyn, miaka thelathini na moja nyuma ya usukani wa basi,
hakubaliani na mtu kabla ya saa nne asubuhi.
"Pesa zipo. Kilichokufa ni kazi.
Mjukuu wangu anafanya kazi kitandani,
juu shati na tai, chini suruali ya kulalia.
Nusu mtu yuko ofisini.
Hiyo nusu nyingine, nani anailipa?"

(Mjukuu anapata mara tatu ya alichopata babu.
Hilo Dilwyn halisemi. Nalisema mimi, nikikunja soksi.)

Carys anasukuma mlango kwa nyonga,
pacha mmoja huku, pacha mwingine kule,
yule wa kule analia kwa sababu mvua ni ya maji.
Carys anampa simu. Kilio kinakatika kama bomba lililofungwa.

Hakuna aliyesema neno.
Lakini macho nayo yana midomo.

"Sisi," Eirlys akaliambia povu,
"tulilea kwa jicho. Jicho moja tu, mtoto ananyooka."
"Na walivyonyooka," akasema Carys,
"wakanyooka moja kwa moja hadi Australia."

Mashine namba sita, ambayo hugonga kama mdai mlangoni,
ilikuwa kwenye kuloweka.
Nayo haikutusaidia.

Kilichotuokoa ni mnara.
Mnawajua: wale kumi waliofungiwa kwenye mnara wa taa,
kamera hadi kwenye ngazi,
kila Ijumaa mmoja anatolewa kwa kura za simu,
na atakayebaki anaondoka na pauni elfu hamsini.

"Yule Kelvin fundi bomba," akaanza Dilwyn, "mwanamume mzima,
analia kila usiku na sabuni mkononi."
"Anamlilia mwanawe," Carys akasema. "Ana miaka minne. Wiki sita hajamwona."
"Basi arudi nyumbani!"
"Arudi na nini?"
"Arudi na mikono yake. Mabomba yamekwisha duniani?"
"Mikono anayo. Na deni analo."
"Aibu tupu," Eirlys akasema,
akinyoosha foronya ambayo ilikuwa imeshanyooka.
"Mimi siangalii upuuzi ule. Nautazama tu ukipita."

Saa sita walikuwa wameondoka wote.
Namba sita ikanitemea shuka za Eirlys,
na aproni yake, ambayo sikupekua mfuko wake mapema.
Ndani, karatasi iliyofuliwa, wino umevimba:
nambari ya simu ya kumpigia kura Kelvin,
na chini yake vijiti vya kalamu,
vitano vitano, kama mfungwa ahesabuvyo siku.
Thelathini na nne.
Kila kijiti, pauni moja.

Nikaikausha juu ya bomba la joto,
nikairudisha mfukoni, nikakunja aproni juu yake.

Mimi? Mimi nina maoni yangu.
Kufua ni pauni tano kwa mzigo.
Kukausha ni mbali.