Skrubu Mbili

Milango naitengeneza mimi, Kibuye, upande wa mbao,
miaka kumi na saba: mvule, saipresi,
na ile mikaratusi inayopinda kabla hujamaliza kuipiga randa.
Niletee mlango wowote, nitakuambia
nani huufunga kwa hasira, nani huusukuma kwa bega.
Mchwa namjua kwa sikio.
Nagonga kwa kifundo cha kidole:
mbao nzima hujibu,
iliyoliwa hunyamaza.

Ule mmoja, wa kwangu,
waliopitia watoto wanne wakitanguliza vichwa,
sikuwahi kuugonga.

Apondi aliuza misumari kibanda cha pili.
Alianza kukalia gazeti,
kisha leso iliyokunjwa mara nne.
Tukasema ni umri.
Tukasema ni dawa ya kupanga uzazi.
Tukasema, na hapa naomba anisamehe, ni mumewe.
Kufika Rusia, ndivyo tuiitavyo hospitali kuu,
daktari akataja hatua, hatua ya tatu,
nasi tulidhani hatua ni kitu cha kukusogeza mbele.
Tulimzika Alego, mwezi wa mahindi mabichi.
Jeneza nililipiga randa mwenyewe,
na sikumtoza mtu.

Nikaenda Jumatano, siku isiyo na wateja.
Sista Khavere, mdogo kuliko kifungua mimba wangu,
akasema: Mama, teremka kidogo. Teremka tena. Legeza magoti.
Mimi niliyezoea kushika bisibisi
nikashika ukingo wa kitanda.
Chuma kilikuwa baridi. Kiliuma?
Kidogo, kama kuulizwa swali mbele za watu.
Nikageuza uso nisimwone,
nikaona mlango wa chumba kile:
bawaba ya juu, skrubu mbili hazipo.
Ndiyo maana unaburura sakafu.

Sasa napaka siki, akasema.
Siki?
Ile ile ya kachumbari. Dakika moja tu.
Nikahesabu. Pamba, taa, kimya.
Palipo pazima hubaki na rangi yake,
palipoanza kuguswa hugeuka peupe.
Kwangu palikuwa na weupe,
kipande cha ukucha wa mtoto.
Si saratani, akasema. Bado.
Neno dogo hilo; nililishika kwa mikono miwili.
Akapagandisha siku ile ile kwa gesi baridi.
Nikatetemeka, nikavaa,
nikala andazi nimeegemea ukuta wa nje
kama mtu aliyelipwa deni.

Karatasi ya Akeyo ilitoka shuleni wiki iliyofuata.
Ana miaka kumi, bado analala na daftari kifuani.
Baba yake akaisoma mara mbili, akaiweka chini ya redio.
Mtoto hajui mwanamume, sindano ya nini?
Si ni kumwambia aende?
Sikumhubiria.
Tulipokwenda kwa mama yake nikamsimamisha uani,
mbele ya nguzo alizozipaka oili chafu mwaka wa uchaguzi.
Hizi ulizipaka lini, nikauliza,
kabla ya kuzifukia, au ulingoja umwone mchwa?
Na hiyo oili, ilimwita?
Akakohoa.
Akazunguka nguzo moja, akaipiga teke, haikutikisika.
Usiku akatafuta kalamu, akasema haziandiki,
akaomba yangu, ile ya kuchorea mbao.
Kwa hiyo ruhusa ya Akeyo ina saini ya penseli nene.
Mwalimu aliipokea hivyo hivyo.

Alirudi ameshika mkono. Umeuma, akasema, kama siafu.
Nikamwambia ukikua utagonga pia, sindano au si sindano.
Kugonga nini? akauliza.
Nikamweleza. Kwa maneno yenyewe, si kwa mafumbo;
mafumbo ndiyo yaliyomkalisha Apondi juu ya gazeti.

Mwaka ukitimia narudi kuangaliwa.
Kwenye mfuko wa aproni nimekwisha kutenga bisibisi
na skrubu mbili, za inchi moja na nusu.
Nitafika mapema, kabla ya foleni.