Pumzi Inaonekana Tandala

Juni, Tandala. Saa kumi na moja alfajiri
bomba la uani limeganda, ndoo imeota ngozi ya barafu,
nami nimekalia gunia la mbolea lililokunjwa,
mgongo wima, blanketi hadi masikioni,
kidole gumba kimeziba pua ya kulia.

Vuta kwa kushoto: moja, mbili, tatu, nne.

Muuguzi Atupokile ndiye aliyenifundisha
siku mashine iliponibana mkono ikasema mia na themanini na mbili.
"Mama Sanga, unapumulia kooni," akaniambia,
"kama mtu anayetoroka."
Nikacheka. Pumzi niliyozaliwa nayo,
leo nifundishwe kama wimbo wa kwaya?

Lakini kweli nilikuwa natoroka.
Tangu Oktoba, moto ulipovuka barabara
ukala ekari nne za misindano, miaka kumi na mmoja ya kungoja,
na benki haipokei majivu.
Usiku nilihesabu: riba, ada ya Tumwimike, riba tena,
moyo ukigonga kama mdai mlangoni.

Sasa nahesabu vingine.
Ziba zote mbili. Kimya kinajaa taratibu
kama maziwa kwenye kibuyu.
Achia kwa kulia, polepole, hadi sita,
na hapo ndipo naiona:
inatoka nyeupe, inapanda usawa wa bati,
inasita kidogo, inakwenda zake.
Wa mabondeni huambiwa tu kwamba wanapumua.
Sisi wa huku juu tunaiona kwa macho.

Juzi shemeji Ezron kapita na ng'ombe, kauliza,
"Hiyo nayo ni dini gani?"
Nikamjibu kwa pua moja, neno likatoka limepinda,
tukacheka, hesabu ikapotea.
Nikaanza upya. Atupokile anasema
kuanza upya ndiyo kazi yenyewe.

Mawazo hayajahama. Yanakuja, hasa nikifika tatu:
barua ya benki, mlio wa sindano zikipasuka motoni.
Nayaacha yapite kama mbuzi wa jirani,
siyafukuzi, siyafungulii ghala.

Jana mashine imesema mia na arobaini na nane.
Kidonge bado nameza. Deni bado lipo.
Ijumaa nitavaa kitenge cha kanisani, niende benki,
nikae kwenye foleni, mgongo wima,
na hakuna atakayejua ninachofanya.

Kukicha, nainama kwenye viriba.
Miche mia mbili, kila ncha na chembe ya barafu.
Nauchagua mmoja, naupulizia,
hadi sita,
tone linaanguka.