Miraba ya Kijivu

Folda imefunguka, picha hazijafunguka.
Miraba ya kijivu, safu kwa safu,
kama nyumba mpya za Nkuhungu
zilizoezekwa na bado hazijahamiwa.

Mama Sechelela ameketi kwenye stuli ya wateja,
vumbi la Mvumi lingali kwenye mkoba wake.
Anataka picha moja. "Ile aliyocheka," anasema,
"maana nyingine zote amenuna kama anayedaiwa."

Elfu kumi na moja na mia nne.
Vipaimara, pasipoti, mahafali, harusi.
Mraba mmoja unajaa: bibi harusi wa Kizota.
Wa pili: keki. Kisha kimya,
feni ya kompyuta inahema
kama aliyepanda Mlimwa na ndoo kichwani.

Nilianza na kebo. Nikaichomeka nyuma,
kwenye tundu la buluu, lile la kasi.
Ikakaza mwendo kidogo, ikachoka.
Nikaihamisha folda kutoka diski ya nje;
dakika arobaini, tukanywa chai,
akanisimulia bei ya karanga.
Bado.
Nikaweka orodha badala ya picha:
majina yakamwagika kama mvua ya Januari,
DSC sifuri nne saba moja, DSC sifuri nne saba mbili.
Akasogeza uso kwenye kioo.
"Mbona hawa hawana sura?"
Nikarudisha miraba.

Ndipo nikakiona, kona ya chini, kifagio kidogo.
Programu ya usafi. Kila usiku saa sita
hufuta akiba ya vijipicha,
kila sura ndogo ambayo mashine ilijiwekea isisahau,
na asubuhi mashine huanza upya, faili kwa faili,
kuifungua picha nzima, nzito, kuitazama, kuipunguza,
kama mwalimu anayewauliza wanafunzi majina
kila siku ya Mungu.
Niliiweka mimi, mwezi wa tano, ya bure,
nikajisifu kwa Ndahani kwamba nimeokoa nafasi.
Nafasi gani! Giga mbili.
Mchimba kisima huingia mwenyewe;
mimi nilimwingiza na mama wa watu.

Nikaizima. Sikumwambia.
"Alicheka lini?" nikauliza,
swali la kuuliza tangu saa tatu.
Hakusita. "Siku ya kupima zabibu Hombolo,
mizani ilipokwama ikasema ana tani tatu."

Machi, mwaka juzi. Picha sitini tu.
Ikaanza: kijivu, kijivu, kreti,
kijivu, mkono wa mtu, mizani.
Nikataka kuruka chini, akanishika kiganja.
"Waache. Waje kwa zamu yao."

Upepo ukabamiza bati la jirani.
Mraba wa thelathini na kitu ukafunguka,
mdogo kama stempu, na yeye akawa amesimama tayari.
Nikabofya. Picha kubwa ikaanza kushuka taratibu,
kofia kwanza,
halafu paji la uso.